Kuchagua Draiva na Kuunganisha Nyaya za Taa za LED za Kukuzia Miche Nyumbani

Draiva, yaani kile kisanduku kinachozilisha diodi umeme, hununuliwa mwisho. Ningependa kila anayetaka kujitengenezea taa za kukuzia miche alishike neno hili kabla hajatoa shilingi mfukoni, kwa sababu wengi wanaoniletea taa zilizokufa walianza kwa kununua draiva iliyoandikwa wati nyingi kwa bei nafuu, kisha ndipo wakaanza kutafuta diodi, vile vitaa vidogo vya LED, za kuifungia. Kazi hii huendeshwa kinyume chake. Mtu huanza na mimea na ukubwa wa meza anayotaka kuimulika, ukubwa wa meza humpa kiasi cha mwanga, kiasi cha mwanga humpa idadi ya diodi, na diodi zikishapangwa ndizo zinazosema zinahitaji draiva ya volti ngapi na mkondo wa kiasi gani.

Ninaandika kutoka Busia, upande wa Uganda, mahali ambapo mchana una saa 12 na dakika chache mwaka mzima, na majirani wengi huniuliza taa ya mimea ni ya nini katika nchi yenye jua la kutosha. Swali lao ni la haki. Hata hivyo zipo kazi ambazo jua letu haliwezi kuzifanya. Mashamba ya maua yaliyo karibu na Ziwa Victoria huwasha taa usiku juu ya mimea mama ya krisanthemu, kwa kuwa mmea huo ukipata usiku mrefu huanza kuchanua badala ya kutoa vipandikizi. Migomba ya tishu, kama ile inayozalishwa katika maabara za utafiti za Kawanda, huanza maisha yake ndani ya vyombo vilivyopangwa kwenye rafu zenye taa. Naye mwenye chumba kimoja cha uani mjini, anayetaka kuotesha miche ya nyanya, kabeji na pilipili hoho mahali ambapo kuku hawafikii na mvua ya mawe haigusi, hana budi kuuleta mwanga ndani. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya huyo wa mwisho.

Mwanga kwanza, kisha diodi

Tuchukue meza ya sentimita 120 kwa 60, ambayo hubeba trei za kawaida za miche bila kubanana. Eneo lake ni mita za mraba 0.72. Miche ya mboga hukua ikiwa mifupi na yenye shina nene ikipata takribani maikromoli 240 (kipimo cha mwanga unaotumiwa na mmea) kwa kila mita ya mraba kwa sekunde, kwa muda wa saa 14 kila siku. Zidisha 240 kwa 0.72 upate 173. Sehemu ya mwanga huo itaangukia ukutani na kwenye njia ya kupitia, kwa hiyo ongeza robo, na jumla inakuwa karibu 216. Diodi nyeupe zilizo bora, kama LM301B na LM301H za Samsung, zikiendeshwa kwa mkondo wa wastani hutoa zaidi ya maikromoli 2.5 kwa kila juli moja ya umeme (wati moja ni juli moja kwa sekunde), lakini mimi hupenda kuhesabu kwa 2.4 ili nisijidanganye. Ukigawa 216 kwa 2.4 unapata wati 90. Hizo ndizo wati za kweli, yaani umeme unaopita ndani ya diodi zenyewe. Taa nyingi za madukani huandikwa wati 300 au 600 kwenye boksi, nawe ukizipima kwa mita ya wati unakuta zinakula 40 au 60.

Kuhusu rangi sitakaa sana. Mwanga mweupe wa kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga) 3000 hadi 4000 unatosha kabisa kwa miche. Taa za zambarau, zenye diodi nyekundu na za buluu peke yake, hukuza mimea pia, ila chini yake jani lenye ugonjwa na jani zima huonekana sawa, na mwenye kitalu anahitaji kuona doa la kwanza la ukungu siku ile linapotokea.

Kwa mfano wetu nitatumia stripu, yaani vile vipande virefu vya bodi ya alumini vilivyobandikwa diodi kwa safu. Karatasi ya maelezo ya stripu niliyochukua inasema volti 22 kwa miliampea 700. Zidisha 22 kwa 0.7 upate wati 15.4 kwa kila stripu, na stripu sita zinatupa wati 92.4, ambazo ndizo tulizokuwa tukizitafuta. Ukinunua stripu ambayo muuzaji hawezi kukuonyesha volti na miliampea zake, iache, hata kama bei yake inakuvuta, kwa sababu bila namba hizo mbili hesabu yote inayofuata inageuka kuwa ya kubahatisha.

Kwa nini mkondo thabiti

Balbu ya zamani yenye uzi ilijisimamia yenyewe: uzi ulipopata moto ukinzani wake uliongezeka, na mkondo ukajizuia. Diodi ina tabia iliyo kinyume. Volti zikipanda kidogo tu mkondo hupanda sana, na diodi ikipata joto huhitaji volti chache zaidi kupitisha mkondo uleule. Maana yake ni kwamba ukiifunga kwenye chanzo cha volti zisizobadilika, itapata joto, kwa sababu ya joto itavuta mkondo zaidi, na kwa sababu ya mkondo itapata joto zaidi. Niliwahi kuliangalia jambo hili kwa subira, mita ikiwa imefungwa kwenye njia ya umeme: stripu moja niliyoirekebishia volti hadi ikasoma miliampea 700 ikiwa baridi, baada ya dakika 40 ilikuwa imefika karibu 850, na hakuna aliyegusa skrubu yoyote.

Draiva ya mkondo thabiti huvunja mzunguko huo. Yenyewe hushikilia miliampea zilizoandikwa juu yake na kuziacha volti zipande na kushuka kulingana na mahitaji ya diodi, mradi zibaki ndani ya mipaka yake. Ndiyo sababu kwenye lebo ya draiva ya aina hii hutaona volti moja bali masafa, kwa mfano 9 hadi 48. Ukiona imeandikwa volti 12 na ampea 5 basi, bila masafa yoyote, hiyo ni ya volti thabiti, na imetengenezwa kwa ajili ya zile tepu za mapambo ambazo ndani yake zina vizuizi vidogo vya mkondo. Haifai kufungwa moja kwa moja kwenye stripu isiyo na vizuizi hivyo.

Jumla ya volti za diodi zako inatakiwa kukaa ndani ya masafa ya draiva kwa nafasi ya kupumua juu na chini. Nafasi ya juu ni kwa ajili ya asubuhi yenye baridi, wakati diodi zinataka volti zaidi kidogo kuliko zilizoandikwa. Nafasi ya chini ni kwa ajili ya saa ya adhuhuri chini ya paa la mabati, wakati zinataka chache. Draiva ikilazimika kwenda chini ya mpaka wake, taa huanza kupepesa au huzimika na kuwaka, na mwenye taa huanza kulaumu diodi ambazo hazina kosa.

Njia tatu za kufunga stripu sita

Njia ya kwanza ni kuzifunga zote kwa mfululizo, chanya ya hii kwenye hasi ya ile, hadi mwisho. Katika mfululizo mkondo ni uleule kila mahali nazo volti hujumlishwa, kwa hiyo 22 mara 6 ni volti 132 kwa miliampea 700. Draiva ya Mean Well iitwayo HLG-120H-C700 hutoa miliampea hizo kwa masafa ya volti 107 hadi 215, na stripu sita zinaingia humo vizuri. Angalia hata hivyo kinachotokea kwa mtu aliyeamua kubana matumizi akafunga stripu tano: jumla yake ni volti 110, tatu tu juu ya mpaka wa chini, na zikishapata joto zinaweza kuuvuka. Njia hii hugawa mkondo sawasawa kuliko zote na hutumia waya mwembamba, lakini ina jambo moja linalonifanya nisimshauri mtu anayeanza. Volti 132 za mkondo mnyoofu (DC) zinaua. Juu ya volti 60 za mkondo wa aina hiyo hatuhesabu tena kwamba ni salama kuguswa, na kwenye meza ya miche mikono huwa na maji kila wakati. Atakayeichagua ahakikishe kila kiungo kimefunikwa kiasi kwamba kidole hakiwezi kugusa shaba, na asifungue kiungo chochote umeme ukiwapo, kwa kuwa mkondo mnyoofu ukikatwa hewani huruka kwa cheche isiyozimika upesi.

Njia ya pili ni kuzifunga sambamba, chanya zote pamoja na hasi zote pamoja. Hapa volti hubaki 22, nayo mikondo hujumlishwa: 0.7 mara 6 ni ampea 4.2. Draiva ya HLG-100H-24A hutoa volti 24 na ampea 4, na ikifungiwa mzigo, yaani stripu, wa volti 22 hufanya kazi kwa mkondo thabiti, ikigawa ampea zake nne kwa stripu sita, karibu miliampea 667 kwa kila moja, upungufu ambao jicho halitautambua wala mche hautaulalamikia. Herufi A mwishoni ina maana kwamba chini ya vizibo vya mpira kuna skrubu ndogo za kurekebisha volti na mkondo kwa bisibisi. Yenye herufi B ina nyaya mbili za ziada za kupunguzia mwanga kwa kitufe cha kuzungusha. Udhaifu wa njia hii umo katika ule mgawanyo. Stripu mbili zisizo za toleo moja la kiwandani hazigawani sawa: ile inayotaka volti chache huvuta zaidi, hupata joto zaidi, na kwa joto hilo huvuta zaidi tena. Vilevile stripu moja ikikatika, ampea nne zote zinakwenda kwa tano zilizobaki, miliampea 800 kwa kila moja. Kabla ya kufunga sambamba, soma katika karatasi ya maelezo mkondo wa juu kabisa ambao stripu inaweza kuuvumilia, na uhakikishe hata moja ikifa zilizobaki hazitauzidi. Nunua zote siku moja, mahali pamoja, na nyaya za kila moja ziwe na urefu sawa.

Njia ya tatu ndiyo ninayoifunga kwangu na kwa yeyote anayenipa nafasi ya kuchagua. Stripu mbili kwa mfululizo zinafanya volti 44 kwa miliampea 700, na draiva ndogo ya LPC-35-700, yenye masafa ya volti 9 hadi 48, inazibeba. Kwa stripu sita unahitaji draiva tatu. Hasara zake ni za kweli: draiva hizi zinapoteza umeme zaidi kidogo kuliko zile kubwa, hazina njia ya kupunguza mwanga, na hapa zinafanya kazi karibu na upeo wake, kwa kuwa wati 30.8 si mbali na 33.6 zilizo mpaka wake, hivyo zinahitaji hewa ya kutosha. Faida yake ni kwamba hakuna mahali upande wa diodi penye volti zaidi ya 48, hakuna mgawanyo wa mkondo wa kuwaza, na draiva moja ikiungua usiku wa radi theluthi moja tu ya meza hukaa gizani wakati nyingine inatafutwa Kampala au kwenye maduka ya Luthuli kule Nairobi. Miche ya watu wenye oda haiwezi kungoja wiki nzima gizani.

Nyaya

Upande wa diodi, ambako mkondo ni miliampea 700, waya wa milimita za mraba 0.75 unatosha na kuzidi. Stripu nyingi zina viungo vidogo vya kusukumia waya, na viungo hivyo vinapenda waya wa uzi mmoja mgumu kuliko waya wa nyuzi nyingi, ambazo hupinda na kuacha unywele wa shaba nje, na unywele huo ndio unaokuja kugusa bodi ya alumini. Menya milimita nane hadi kumi, sukuma hadi mwisho, kisha vuta kidogo kuona kama umeshika. Nyekundu iwe chanya, nyeusi iwe hasi, na usibadilishe desturi hiyo kwa sababu tu waya mwekundu umeisha dukani.

Upande wa umeme wa nyumba, wa volti 240, tumia kebo ya nyuzi tatu ya milimita za mraba 1.0 au 1.5 yenye ganda la nje. Mkondo wenyewe ni mdogo kwa wati zetu, lakini kebo hii itaburutwa, itakanyagwa na kumwagiwa maji, na unene huo ni wa kuhimili maisha hayo. Kahawia ni waya wa moto, buluu ni nyutro, kijani chenye mstari wa njano ni ethi. Katika nyumba zilizojengwa zamani utakuta nyekundu, nyeusi na kijani, pima, usikisie.

Kuna waya unaouzwa sasa wenye rangi ya shaba juu na alumini ndani. Njia ya kuutambua ni rahisi. Menya kipande, kwangua uzi mmoja kwa ncha ya wembe na uutazame kwenye mwanga wa jua: shaba huendelea kuwa nyekundu hadi katikati, waya wa bandia unang'aa mweupe chini ya mkwaruzo wa kwanza. Upinde mara kadhaa mahali pamoja na utakatika upesi kuliko shaba. Nimeukuta hata ndani ya kebo zilizoandikwa shaba tupu. Waya huo hupitisha umeme kidogo kuliko shaba ya unene uleule, na kwenye skrubu hulegea baada ya muda, ukaanza kupata moto pale pale kwenye kiungo.

Mwenye kutaka kutumia betri ya sola ajue kwamba kwa volti chache urefu wa waya unauma. Ampea 4 kwenye waya wa milimita za mraba 1.5, umbali wa mita 10 kwenda na 10 kurudi, hupoteza karibu volti moja njiani, na kwenye waya wa 0.75 hupoteza karibu mbili, ambazo katika betri ya volti 12 si kitu kidogo. Isitoshe, wati 92 kwa saa 14 ni karibu yuniti 1.3 kila siku, wakati betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 100 ina yuniti 1.2, nusu yake tu ikiwa ya kutumia bila kuiua betri. Kwa meza ya ukubwa huu mimi sishauri sola, isipokuwa mtu tayari ana mfumo mkubwa wenye inveta.

Plagi, ethi na kinga ya radi

Plagi zetu za miguu mitatu ya mraba huja na fyuzi ya ampea 13 ndani. Fungua plagi ya taa zako uweke ya ampea 3. Fyuzi ya 13 itasubiri hadi kebo ianze kunuka kabla haijakatika.

Draiva ndogo za LPC zina ganda la plastiki na nyaya mbili tu za kuingiza umeme, kwa hiyo hazina mahali pa kufunga ethi. Zile za HLG zina ganda la chuma na waya wa kijani na njano ambao usiukate kwa kuona hauna kazi. Kwa vyovyote vile, fremu ya chuma au ya alumini inayobeba taa ifungwe ethi kwa skrubu na ringi, mahali palipokwanguliwa rangi, kwa kuwa kebo ya volti 240 inapita juu yake na siku moja inaweza kuchubuka. Tatizo ni kwamba nyumba nyingi za kupanga zina tundu la ethi kwenye soketi lakini nyuma yake hakuna kitu. Mita ikisoma karibu 240 kati ya waya wa moto na nyutro, na kati ya waya wa moto na ethi ikasoma namba ndogo au inayoyumbayumba, ethi hiyo haipo. Itisha fundi mwenye kibali cha mamlaka ya umeme apigilie fimbo ya ethi ardhini, na akiwa hapo afunge kikata umeme unaovuja (RCD) cha miliampea 30 kwenye njia ya chumba cha miche. Sehemu hii usiifanye mwenyewe kama hujaifundishwa.

Ukanda wa Ziwa Victoria una radi nyingi, na umeme wetu hukatika na kurudi kwa kishindo. Draiva nzuri huvumilia volti kutoka 90 hadi 264, na HLG hadi 305, kwa hiyo kushuka kwa volti hakuziumizi. Kinachoziua ni ule mruko wa ghafla umeme unaporudi. Kile kifaa cha kulinda friji, ambacho hukata umeme volti zikivuka mpaka na kusubiri dakika chache kabla ya kuurudisha, kinafanya kazi hii vizuri na kinapatikana karibu kila duka la umeme. Radi inapoanza kulia karibu, chomoa plagi kabisa, maana mche hautadhurika kwa saa mbili za giza.

Saa ya kuwasha na kuzima taa ichaguliwe kwa uangalifu. Draiva inapowashwa ikiwa baridi huvuta kwa sehemu ndogo ya sekunde makumi ya ampea ili kujaza kapasita zake, vile vihifadhi umeme vya ndani, na saa dhaifu hugandishwa vidole vyake vya ndani kwa mvuto huo, ikawa haizimi tena. Tumia saa ya ampea 16.

Mahali pa draiva na joto lake

Usizifunge draiva juu ya stripu. Kapasita zilizo ndani yake ndizo sehemu inayokufa mapema, na kwa kanuni ambayo mafundi wa elektroniki wanaitegemea, kila nyuzi 10 za joto zinazoongezeka hupunguza maisha ya kapasita hizo kwa karibu nusu. Zifunge ukutani, kwenye ubao, zikiwa zimeachana upana wa kiganja, juu zaidi ya mahali ambapo maji ya kunyunyizia yanafika. Kebo inayoingia kwenye draiva au kwenye soketi ipindwe kwanza kwenda chini kisha ipande, ili tone la maji likiifuata lianguke pale kwenye pindo badala ya kuingia ndani.

Stripu nazo zifungwe kwa skrubu kwenye mhimili wa alumini. Mafundi wa Katwe, Kampala, wanaotengeneza madirisha huuza vipande vilivyobaki, na kipande cha pembe au cha boksi kinatosha. Paka gundi ya kupitisha joto kwa wepesi, au kaza skrubu za kutosha ili stripu ilale bila kuacha mwanya. Baada ya saa moja ya kuwaka, weka vidole nyuma ya mhimili: ukiweza kuushika huku ukihesabu hadi kumi bila kuondoa mkono, joto lake linakubalika.

Kuwasha mara ya kwanza

Stripu huunganishwa kwanza, umeme baadaye. Nililijifunza jambo hili kwa hasara. Nilikuwa na draiva iliyokwisha kuchomekwa, nami nikitaka kujaribu stripu moja moja kwa haraka, nikagusisha waya wa chanya kwenye kiungo. Ilitoka cheche ndogo ya buluu, isiyozidi kichwa cha kiberiti, stripu ikamulika mara moja kwa ukali, na diodi zikabaki na doa jeusi katikati ya ile njano yake. Kilichotokea ni kwamba draiva isiyo na mzigo hupandisha volti zake hadi juu kabisa na kuzihifadhi kwenye kapasita. Ukigusisha diodi, akiba hiyo yote humwagika ndani yake kabla draiva haijapata muda wa kuudhibiti mkondo. Kwa sababu hiyohiyo, usiweke swichi kati ya draiva na stripu. Swichi ikae upande wa volti 240.

Kwa hiyo funga kila kitu, kagua chanya na hasi, kisha tumia mita ya kupima ukinzani kuhakikisha hakuna waya wa diodi unaogusana na fremu. Weka mita kwenye volti za mkondo mnyoofu, shika vichomeo kwenye nyaya za kutokea za draiva ya kwanza, mwambie mtu achomeke plagi. Kwa mfano wetu inatakiwa kusoma karibu 44. Ikisoma 48 au zaidi na taa haziwaki, kuna kiungo kilichoachia au stripu iliyogeuzwa. Ikisoma chini sana na taa hazimuliki, umegusanisha nyaya. Ukitaka kuhakikisha mkondo, zima, chomoa, ingiza mita katika njia ya umeme kwenye tundu lake la ampea 10, kisha washa tena. Usiguse kamwe soketi ya ukutani mita ikiwa katika hali hiyo ya kupima ampea.

Draiva hizi zikifanya kazi kwa ufanisi wa asilimia 85, ukutani utavuta karibu wati 109, ambazo kwa saa 14 ni yuniti 1.5 kwa siku na karibu 46 kwa mwezi. Bei ya umeme hubadilika, kwa hiyo zidisha yuniti hizo kwa bei iliyo kwenye risiti yako ya mwisho ya umeme, uigawe kwa idadi ya miche unayotoa kwa mwezi, na uiongeze kwenye bei ya mche.

Zitundike taa sentimita 30 juu ya vichwa vya miche, kwa mnyororo mwembamba na kulabu, si kwa kamba, ili uweze kuzipandisha pingili moja moja kadiri miche inavyorefuka. Mwisho wa wiki ya kwanza zima umeme, rudi kwenye kila skrubu ya plagi na ya kiungo cha volti 240 na uikaze tena, kwa kuwa shaba mpya hulala kidogo chini ya skrubu baada ya kupata joto mara kadhaa.